Namna ya kutafuta alama za uteuzi asilia kwenye jenomu kwa kutumia takwimu

Ukiipa programu yoyote ya kisasa faili la data za jenomu na kuiomba jeni zilizopitiwa na uteuzi asilia, itakupa orodha. Itakupa hata kama hakuna uteuzi wowote uliowahi kutokea, kwa sababu kila safu ya namba ina za juu na za chini. Kwa hiyo kazi yenyewe inabaki kuwa kujibu swali moja: alama hii ningeiona hata pasipo uteuzi? Ninachoandika hapa kinamlenga mtu aliyekwisha kushika faili la VCF (orodha ya tofauti za kijenetiki za sampuli) na anayeweza kuandika amri kwenye kompyuta, ila hajawahi kupima uteuzi kwa mkono wake.

Hatua ya 1: Amua unatafuta uteuzi wa aina gani, na wa zamani kiasi gani

Watu wengi huanza na programu, kisha ndipo hutafuta swali la kuibebesha. Anza na swali. Uteuzi unaoondoa mabadiliko mabaya uko kila mahali kwenye jenomu. Uteuzi unaopandisha aleli (umbo mojawapo la jeni au la nafasi kwenye jenomu) mpya yenye faida ni wa nadra, na ndio wengi wanaoutafuta. Upo pia uteuzi unaodumisha aleli mbili au zaidi kwa pamoja, na mfano wake unaojulikana kuliko yote ni ule wa selimundu: mtu mwenye nakala moja ya aleli hiyo ana kinga dhidi ya malaria kali, mwenye nakala mbili ana ugonjwa, na aleli zote mbili zinabaki katika jamii.

Kila aina huacha alama yake, na kila alama hufutika kwa mwendo wake. Kwa binadamu, haplotaipu (aleli zinazokaa pamoja kwenye kromosomu moja) ndefu zisizokatika huonyesha mambo ya miaka isiyozidi takriban 30,000. Baada ya hapo kromosomu zimekwisha kuchanganyika mno. Upungufu wa uanuwai na wingi wa aleli adimu huweza kudumu hadi karibu miaka 250,000. Tofauti za kiprotini kati ya spishi huhifadhi habari za mamilioni ya miaka. Ukitaka kujua nini kilimtenga binadamu na sokwe, kipimo cha haplotaipu hakitakusaidia hata ukiwa na sampuli elfu kumi.

Hatua ya 2: Safisha data kuliko unavyodhani inatosha

Hapa sitakaa sana, lakini usiruke. Kati ya nafasi zenye tofauti, bakiza zenye aleli mbili tu, ondoa zile zenye kina cha usomaji (mara ambazo nafasi imesomwa) kidogo mno au kikubwa mno (kina kikubwa mara nyingi ni dalili ya maeneo yaliyojirudia), na ondoa ndugu wa karibu katika sampuli. Halafu mambo matatu ambayo huharibu kazi za watu kimyakimya.

Kwanza, nafasi isiyosomeka si sawa na nafasi isiyo na tofauti. Faili la VCF la kawaida huorodhesha nafasi zenye tofauti peke yake, hivyo dirisha (kipande cha jenomu kinachopimwa kwa pamoja) ambalo nusu yake haikusomeka huonekana kana kwamba limepungukiwa uanuwai. Tengeneza VCF yenye nafasi zote, hata zisizotofautiana, na utumie programu kama pixy ambayo hugawa kwa idadi ya nafasi zilizosomeka kweli.

Pili, aleli ya jenomu rejea si lazima iwe aleli ya asili. Jenomu rejea ni mfuatano uliochaguliwa uwe wa kulinganishia, basi. Vipimo vingi vinahitaji kujua aleli ipi ni ya kale na ipi ni mpya, na hilo hujulikana kwa kuangalia spishi jirani. Ukikosea hapo, aleli ya kale ambayo bado ni ya wengi itahesabiwa kuwa aleli mpya iliyopanda sana, na hiyo ndiyo sura ya uteuzi.

Tatu, vipimo vya haplotaipu vinadai ujue aleli zipi zinakaa pamoja kwenye kromosomu moja. Programu kama SHAPEIT na Beagle hukisia hilo kwa takwimu, na hukisia vizuri zaidi sampuli zikiwa nyingi.

Hatua ya 3: Jenga kwanza picha ya jenomu isiyo na uteuzi

Hatua hii watu huiweka mwisho, au hawaiweki kabisa. Mimi naiweka kabla ya kipimo chochote.

Mwaka 1968 Motoo Kimura alipendekeza kwamba mabadiliko mengi ya molekuli yanayoenea katika spishi hayana faida wala hasara, na huenea kwa bahati tu. Unaweza kubishana na nadharia hiyo kwa jumla, lakini kama kipimo cha kulinganishia haina mbadala: inakuambia namba zako zingekuwaje pasipo uteuzi. Tatizo ni kwamba katika fomula zake rahisi idadi ya watu haibadiliki, na kila mtu anaweza kuzaa na yeyote. Hakuna jamii ya viumbe iliyoishi hivyo. Idadi hupanda, hushuka ghafla, makundi hutengana na kukutana tena. Na historia hizo huacha alama zinazofanana mno na za uteuzi: jamii iliyopanuka haraka ina aleli adimu nyingi, sawasawa na eneo ambalo uanuwai wake umefagiwa na aleli yenye faida.

Kinachotuokoa ni kwamba historia ya idadi hugusa jenomu yote, ilhali uteuzi hugusa sehemu yake. Kwa hiyo fanya mambo mawili. Kadiria historia ya jamii yako kwa kutumia maeneo yaliyo mbali na jeni, kisha iga jenomu nyingi za kompyuta zenye historia hiyo bila uteuzi. Programu ya msprime hufanya uigaji huu kwa kasi. SLiM ni ya polepole zaidi, ila hukuruhusu kuweka na uteuzi, ili upime pia kama kipimo chako kina uwezo wa kuuona. Kwa spishi zilizochunguzwa sana, maktaba ya stdpopsim ina historia zilizokwisha kuchapishwa, tayari kwa matumizi.

Weka ndani ya uigaji huo kasi ya mchanganyo upya wa kromosomu (kubadilishana vipande kati ya kromosomu mbili za jozi) kama ilivyo kweli, si wastani mmoja kwa jenomu nzima. Mahali ambapo kromosomu hazichanganyiki sana, mabadiliko mabaya yanapoondolewa huondoka na majirani zao wasio na hatia, na uanuwai hupungua pasipo aleli yoyote yenye faida. Brian Charlesworth na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1993, na bado kila mwaka kuna mtu anayelitangaza kuwa uteuzi chanya.

Hatua ya 4: Soma mgawanyo wa viwango vya aleli

Kipimo cha kuanzia ni D ya Tajima, kilichotolewa na Fumio Tajima mwaka 1989. Kinalinganisha njia mbili za kukadiria uanuwai. Ya kwanza, π, ni wastani wa tofauti kati ya kila jozi ya mifuatano. Ya pili, θ ya Watterson, huhesabu nafasi zenye tofauti na kugawa kwa namba inayotegemea ukubwa wa sampuli. Pasipo uteuzi, na idadi ikiwa imetulia, hizi mbili zinatarajiwa kulingana.

Ifanye kwa mkono angalau mara moja. Chukua mifuatano 10 yenye nafasi 20 zinazotofautiana. Namba ya kugawia ni 1 + 1/2 + 1/3 hadi 1/9, yaani 2.829, hivyo θ ni 20 ÷ 2.829 = 7.07. Sasa tuseme kila tofauti imeonekana katika mfuatano mmoja tu kati ya kumi. Kati ya jozi 45 zilizopo, kila nafasi hutofautisha jozi 9, kwa hiyo huchangia 0.2 kwenye π, na π yote ni 4.0. Tofauti ni −3.07, ukigawa kwa mkengeuko wake, ambao hapa ni karibu 1.50, unapata D ya −2.04. Geuza mambo: nafasi zilezile 20, lakini kila aleli iko katika mifuatano mitano. Kila nafasi inatofautisha jozi 25, π inakuwa 11.11, na D inapanda hadi +2.69.

Idadi ya tofauti ni ileile. Kilichobadilika ni jinsi zilivyogawanyika. D hasi humaanisha aleli adimu zimezidi, D chanya humaanisha aleli za kati zimezidi. Ya kwanza hutokea baada ya aleli yenye faida kufagia eneo, au jamii ikiwa imepanuka. Ya pili hutokea pale uteuzi unapodumisha aleli mbili, au idadi ikiwa imeporomoka karibuni, au umechanganya makundi mawili katika sampuli moja bila kujua. Hilo la mwisho ni la kawaida kuliko inavyokiriwa. Chora kwanza mchoro wa vijenzi vikuu (PCA, unaopanga sampuli kwa kufanana kwake) uone kama sampuli zako ni kundi moja.

Kwenye data halisi amri ni fupi:

vcftools --gzvcf data.vcf.gz --TajimaD 50000 --out matokeo

Usilinganishe D ya dirisha na sifuri. Ilinganishe na mgawanyo wa D katika uigaji wa Hatua ya 3. Kama jamii yako imepanuka, wastani wa jenomu nzima unaweza kuwa −1 au chini ya hapo, na dirisha lenye −1.5 halina la ajabu.

Hatua ya 5: Tafuta haplotaipu ambazo ni ndefu kuliko umri wake

Aleli mpya huzaliwa kwenye kromosomu moja, pamoja na majirani wote waliokuwapo. Kila kizazi mchanganyo upya hukata kipande. Aleli iliyopanda kwa bahati tu huchukua muda mrefu kuwa ya kawaida, na muda huo unatosha majirani kupotea. Aleli ambayo ni ya kawaida na bado imezungukwa na majirani walewale kwa umbali mrefu imepanda haraka kuliko bahati inavyoruhusu.

Pardis Sabeti na wenzake waliligeuza wazo hili kuwa kipimo mwaka 2002. Mwaka 2006 Benjamin Voight na wenzake wakatoa iHS, ambayo hulinganisha urefu wa haplotaipu unaoizunguka aleli mpya na ule unaoizunguka aleli ya kale, katika jamii ileile. Kwa selscan:

selscan --ihs --vcf kr2.vcf --map kr2.map --out kr2
norm --ihs --files kr*.ihs.out

Angalia mambo kadhaa hapa. Amri ya pili husawazisha alama ndani ya makundi ya aleli zenye kiwango kinachokaribiana, kwa hiyo ipe kromosomu zote kwa pamoja. selscan huchukulia 0 kuwa aleli ya kale na 1 kuwa mpya, bila kukuuliza. Kazi ya kuzipanga hivyo ni yako. Ishara nayo imegeuzwa: katika fomula ya Voight, alama hasi ndiyo inayoonyesha aleli mpya yenye haplotaipu ndefu, lakini katika selscan ni alama chanya. Watu wamewahi kuelezea aleli isiyo yenyewe kwa sababu ya jambo hili dogo.

Utaona machapisho yakisema |iHS| iliyozidi 2 ni dalili ya uteuzi. Lakini alama zimesawazishwa ili mkengeuko wake uwe 1. Kama zinakaribia umbo la kengele, karibu asilimia 4.6 ya nafasi zitazidi 2 kwa ujenzi wenyewe wa kipimo. Katika nafasi milioni 5 hizo ni zaidi ya 220,000. Tazama msongamano: gawa jenomu katika madirisha, pima ni sehemu gani ya nafasi za kila dirisha imezidi 2, kisha chunguza madirisha ya juu kabisa.

Mfano mzuri ni wa uwezo wa mtu mzima kuyeyusha sukari ya maziwa. Ulaya aleli inayohusika ni ya nafasi −13910, ndani ya jeni ya MCM6 iliyo jirani na jeni ya laktasi yenyewe. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba kwa watu wa Kenya na Tanzania kazi hiyohiyo inafanywa na badiliko jingine, nafasi ya −14010, na kromosomu zinazolibeba zina haplotaipu zisizotofautiana kwa zaidi ya herufi milioni 2. Uteuzi wa tabia moja, lakini aleli tofauti kwenye haplotaipu tofauti. Ukimwaga sampuli za mabara mawili katika kikapu kimoja, alama zote mbili zinafifia.

iHS hupoteza nguvu aleli inapokaribia asilimia 100, kwani hakuna tena aleli ya kale ya kulinganisha nayo. Hapo tumia XP-EHH, inayolinganisha jamii mbili. Na kama unahisi aleli yenye faida ilipanda kutoka haplotaipu kadhaa kwa mpigo, jambo la kawaida kwa wadudu wanaopambana na viuatilifu, tumia H12, ambayo hujumlisha haplotaipu mbili zinazoongoza.

Hatua ya 6: Linganisha jamii zilizo jirani

FST hupima jinsi viwango vya aleli vinavyotofautiana kati ya jamii mbili. Udhaifu wake ni kwamba haisemi ni jamii ipi iliyobadilika. PBS hulitatua kwa kuongeza jamii ya tatu. Geuza kila FST kuwa umbali, T = −ln(1 − FST), halafu kwa jamii ya kwanza:

PBS = (T12 + T13 − T23) ÷ 2

Tuseme katika jeni fulani FST ya 1 na 2 ni 0.40, ya 1 na 3 ni 0.45, na ya 2 na 3 ni 0.05. Umbali unakuwa 0.511, 0.598 na 0.051. PBS ya jamii ya kwanza ni 0.53, ya jamii ya pili ni karibu na sifuri. Mabadiliko yametokea upande wa kwanza.

Ni kwa njia hii ambapo mwaka 2010 watafiti waliona jeni ya EPAS1 kwa Watibeti, watu wa nyanda za juu zenye oksijeni haba: kiwango cha badiliko moja kilipishana na cha Wachina wa Han kwa asilimia 78. Baadaye, mwaka 2014, ilibainika kwamba haplotaipu hiyo iliingia kutoka kwa watu wa kale wa ukoo wa Denisova.

FST ina mtego wake pia. Ni uwiano, kwa hiyo uanuwai ndani ya jamii ukipungua, FST hupanda hata kama jamii hazijatengana zaidi. Kokotoa pia dXY, wastani wa tofauti kati ya jamii hizo mbili. FST ya juu yenye dXY ya chini, mahali ambapo mchanganyo upya ni hafifu, haitoshi kudai chochote.

Hatua ya 7: Kwa mambo ya kale, linganisha spishi

Jaribio la McDonald na Kreitman la mwaka 1991 linabaki kuwa zuri kwa wepesi wake. Gawa mabadiliko ya jeni katika yale yanayobadilisha protini na yale yasiyoibadilisha, kisha uhesabu yaliyokwisha kutenganisha spishi na yale ambayo bado yanatofautiana ndani ya spishi. Kwa jeni ya Adh ya inzi wa Drosophila walipata, kati ya spishi, mabadiliko 7 ya protini na 17 bubu (yasiyobadilisha protini). Ndani ya spishi, 2 ya protini na 42 bubu. Pasipo uteuzi uwiano ungekaribiana. Kadirio la sehemu ya mabadiliko ya protini yaliyosukumwa na uteuzi ni 1 − (17 × 2) ÷ (7 × 42), yaani 0.88. Pima jedwali hilo kwa jaribio kamili la Fisher na utapata p iliyo chini ya 0.01.

Uzuri wa jaribio hili ni kwamba aina zote mbili za mabadiliko zimo ndani ya jeni moja, zimepitia historia moja. Udhaifu wake ni mabadiliko yenye madhara kidogo, ambayo huelea kwa muda ndani ya spishi bila kufika popote na kukufanya ukadirie uteuzi chini ya ulivyo. Wengi huondoa aleli zenye kiwango cha chini ya asilimia 15.

Ukiwa na spishi nyingi, tumia dN/dS, yaani uwiano wa kasi ya mabadiliko yanayobadilisha protini kwa kasi ya yale bubu. Wastani wa jeni nzima ni nadra kuzidi 1, kwa sababu sehemu kubwa ya protini haivumilii kubadilishwa. Hivyo linganisha mfano wa takwimu usioruhusu kodoni (herufi tatu zinazotaja asidi amino moja) kuzidi 1 na ule unaoruhusu chache, kama M7 dhidi ya M8 katika programu ya codeml. Mara mbili ya tofauti ya logi za uwezekano ikizidi 5.99, mfano wenye uteuzi umeshinda kwa kiwango cha asilimia 5. Kabla ya kushangilia, fungua upangaji wa mifuatano uutazame kwa macho. Herufi zilizopangwa vibaya hutoa uteuzi wa uongo kuliko kosa jingine lolote. Na usitumie dN/dS kwa sampuli za jamii moja. Tofauti za ndani ya jamii hazijafika mwisho wa safari, na namba unayopata haina tafsiri ileile.

Hatua ya 8: Iponde orodha yako mwenyewe

Sasa una madirisha au jeni kadhaa. Jeni 20,000 zikipimwa kwa p ya 0.05 zitakupa 1,000 za uongo. Kizingiti cha Bonferroni, kinachogawa 0.05 kwa idadi ya vipimo, kingekuwa 0.0000025; cha Benjamini na Hochberg, kinachodhibiti sehemu ya matokeo ya uongo katika orodha, ni chepesi zaidi na kinafaa kwa uchunguzi wa awali.

Kisha uliza kila eneo: kasi ya mchanganyo upya hapa ikoje? Usomaji ni mzuri? Kuna mgeuko wa kipande cha kromosomu? Je, kipimo cha aina nyingine kinakubaliana? D ya Tajima na θ hazihesabiki kuwa mashahidi wawili, maana zinasoma data ileile kwa jicho lilelile. Haplotaipu ndefu pamoja na PBS ya juu ni ushahidi wa uzito zaidi. Vimelea vya malaria vinatoa kielelezo: kwenye jeni ya pfcrt ya Plasmodium falciparum, uanuwai ulioporomoka kuzunguka aleli ya usugu, haplotaipu ndefu, na dawa inayojulikana, klorokwini, vyote vinaelekeza mahali pamoja.

Usitegemee sana uchambuzi wa majina ya kazi za jeni. Orodha yoyote ya jeni hamsini itakuwa na za kinga, za harufu au za ubongo, na hadithi hujiandika yenyewe. Tabia zinazotegemea maelfu ya jeni ni hatari zaidi. Kwa miaka kadhaa iliaminika kwamba tofauti ya urefu wa mwili kati ya kaskazini na kusini mwa Ulaya ilibeba alama kali ya uteuzi. Mwaka 2019 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba alama hiyo ilipungua sana makadirio ya athari ya kila aleli kwa urefu yalipochukuliwa kutoka UK Biobank, hifadhi kubwa ya data za afya na jenomu za Uingereza: mgawanyiko wa jamii uliosahihishwa nusunusu ulikuwa umejipenyeza katika maelfu ya namba ndogondogo, kila moja ikiinama upande uleule.

Hatua ya 9: Andika kwa namna ambayo mwingine anaweza kukukosoa

Taja toleo la jenomu rejea, ukubwa wa dirisha, jinsi aleli ya kale ilivyojulikana, na historia ya idadi uliyoigiza. Toa mgawanyo mzima wa alama, si kilele peke yake. Eleza ni uteuzi wa nguvu gani ambao kipimo chako kingeweza kuuona kwa sampuli ulizonazo, ili msomaji ajue ukimya wa jeni fulani unamaanisha nini. Na mahali ambapo umepata alama lakini hujui badiliko lenyewe wala kazi yake, andika "eneo linaloweza kuwa limepitiwa na uteuzi" na uachie hapo, hata kama mhariri anataka kichwa cha habari kikubwa zaidi.